Bukini kwa barabara: Antananarivo hadi Toliara kwa siku kumi

Wazee wa pwani walikiita Buki au Bukini. Ramani za leo zinaandika Madagaska. Kwenye ramani kinaonekana kisiwa kidogo pembeni mwa Afrika, na hapo ndipo mipango mingi ya safari inapoharibika. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 587,000, yaani kinaipita Kenya kidogo. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni karibu kilomita 1,580. Watu wake ni kama milioni 30, na barabara za lami zinazostahili jina hilo ni chache. Kwa hiyo Bukini unahesabu saa; kilomita utazihesabu ukishafika.

Njia iliyo hapa ni RN7, barabara kuu ya taifa namba 7, takriban kilomita 950, kutoka mji mkuu kwenye nyanda za juu hadi bahari ya kusini-magharibi. Tumeichagua kwa sababu moja: inafuata uti wa mgongo wa kisiwa, kisha inateremka upande mkavu, kwa hiyo unavuka hali za hewa tatu au nne bila kupanda ndege. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga milima ya mashariki na kumwaga mvua yote huko. Unaovuka kwenda magharibi hauna kitu. Pwani ya mashariki kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na Toliara haifiki hata 500.

Msimu mzuri ni Aprili mwishoni hadi Novemba mwanzoni. Januari hadi Machi ni miezi ya vimbunga: Batsirai ilipiga Februari 2022, Freddy ikafuata Februari 2023. Madaraja huondoka, na hakuna njia ya kuzunguka.

Siku ya 1. Antananarivo (mita 1,280 hivi)

Saa za Bukini ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, lakini wenyewe huzihesabu kizungu. Ukiambiwa gari linaondoka *amin'ny enina maraina*, "saa sita asubuhi", ni saa 12 yetu. Watu wetu wameachwa na magari kwa hili. Saa zilizoandikwa hapa ni za Kiswahili.

Viza hutolewa uwanja wa ndege wa Ivato. Beba euro au dola safi zisizochanika. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na wa Tanzania naye asiiache nyumbani. Soketi za umeme ni za Kifaransa, matundu mawili ya duara. Plagi yetu ya pini tatu za bapa haiingii. Adapta nunua kabla ya kusafiri. Umeme hukatika mara kwa mara. Mgao wa maji na umeme ndio uliowatoa vijana barabarani Septemba 2025, na kabla Oktoba haijaisha rais alikuwa ameondoka na jeshi limeshika nchi. Taa ya kichwani na betri ya akiba si anasa.

Fedha ni ariary. Noti kubwa kuliko zote ni 20,000, ambayo haifiki dola tano, kwa hiyo utabeba bunda. Toa fedha za kutosha hapa. Miji ya njiani ina mashine chache, na wikiendi huishiwa. Sasa jihadhari: ariary ilichukua rasmi nafasi ya faranga mwaka 2005, kwa kiwango cha ariary 1 kwa faranga 5, na hadi leo sokoni kuna wanaotaja bei kwa faranga. Ukisikia bei inayokushtua, uliza "ariary?" kabla ya kufungua pochi. Asiyeuliza hulipa mara tano.

Mchana unatosha kupanda mji wa juu. Jina Antananarivo maana yake mji wa elfu, na *arivo* hiyo ni askari elfu ambao kwa mapokeo waliwekwa na mfalme Andrianjaka katika karne ya 17. Kasri la malkia juu ya kilima liliungua tarehe 6 Novemba 1995. Kuta za mawe ndizo zilizobaki wima. Wafaransa waliifanya nchi koloni 1896, wakamfukuza malkia wa mwisho, Ranavalona wa Tatu, mwaka uliofuata, naye akafia Algiers 1917. Uhuru ulirudi tarehe 26 Juni 1960.

Lugha ni moja kisiwa kizima, yenye lahaja nyingi, na ndugu yake wa karibu yuko Borneo. Maji ni *rano*, nyumba ni *trano*. Lakini ingia zizini usikilize: ng'ombe ni *omby*, kuku ni *akoho*, mbwa ni *amboa*, kanga ni *akanga*, punda ni *ampondra*. Lugha ilikuja na mitumbwi kutoka mashariki. Mifugo, kwa majina yake, ilitoka kwetu.

Siku ya 2. Antananarivo – Antsirabe (kilomita 169, mwendo wa saa 5)

Ondoka saa 11 alfajiri. Si kwa ajili ya mandhari: ukichelewa hadi saa 1, foleni ya kutoka mjini peke yake hula saa mbili. Kwa taxi-brousse, daladala la masafa, kata tiketi jana yake na uchague kiti kwenye mchoro anaokuonyesha karani. Safu ya nyuma kabisa iache. Gari huondoka likijaa, na mizigo hufungwa juu chini ya turubai. Begi lenye kompyuta lisipande huko.

Magari hupita kulia. Anayeendesha mwenyewe kutoka Afrika Mashariki hukosea siku ya kwanza kwenye mizunguko, na siku ya tatu anapoanza kujisahau.

Ambatolampy, kilomita 68, ni mji wa sufuria. Karibu kila sufuria ya alumini kisiwani imetoka hapa au imeiga za hapa, na kazi inastahili nusu saa. Mafundi wawili, miguu mitupu, wana fremu za mbao na udongo mweusi laini kama unga. Sufuria ya mfano hufunikwa kifudifudi, udongo hushindiliwa juu yake kwa miguu hadi ukaze, fremu ya juu huinuliwa polepole, mfano hutolewa, fremu hurudishwa. Kati ya udongo wa ndani na wa nje imebaki nafasi nyembamba ya unene wa sufuria. Hapo humiminwa alumini iliyoyeyushwa kwenye mkaa, ambayo jana ilikuwa bloku ya injini. Dakika chache tu, udongo unavunjwa, sufuria inatoka ikiwa ya moto na kingo za kupiga tupa. Udongo ukiwa na unyevu kupita kiasi, mvuke hutoboa chuma na sufuria huvuja. Alumini ikipoa kabla haijamiminwa, haifiki ukingoni, na kazi inarudi tanurini. Wanaonunua wajue kwamba vyuma chakavu vinaweza kuwa na madini ya risasi ndani. Sufuria hiyo ni nzuri kwa wali, lakini vitu vichachu usivipike wala usivilaze humo.

Kula kwenye *hotely*, ambayo kama hoteli ya mtaani kwetu haina vitanda. Wali ni mlima, kitoweo, *laoka*, ni kijiko pembeni. *Ravitoto* ni kisamvu, ila mara nyingi kina nguruwe. Asiyekula aseme kwanza *tsy misy kisoa*. *Masikita* na *sambosa* havihitaji mkalimani. Asubuhi kuna *mofo gasy*, vitumbua vya unga wa mchele kwenye chuma chenye vishimo, kama vya Tanga. Kinywaji ni *ranovola*: ukoko huachwa chini ya sufuria, maji yakamwagwa juu na kuchemshwa mpaka yawe ya rangi ya chai. Yamechemka, kwa hiyo ni salama kuliko ya bomba. Mchele sokoni hupimwa kwa *kapoaka*, kopo la maziwa mazito. Makopo matatu na nusu ni kilo moja. Hakikisha kopo halijabonyezwa kitako.

Siku ya 3. Antsirabe (mita 1,500)

Siku ya kupumzika, na ya baridi. Julai alfajiri hapa joto hukaribia sifuri. Sweta moja haitoshi. Usafiri wa mjini ni *pousse-pousse*, mkokoteni wa magurudumu mawili unaovutwa na mtu. Patana kabla ya kukaa. Mfalme Mohammed wa Tano wa Morocco alifungiwa uhamishoni katika mji huu hadi 1955.

Kwa kuwa RN7 haigusi upande wa kaskazini-magharibi, lisemwe hapa. Mahajanga, karibu kilomita 570 kutoka mji mkuu kwa RN4, ndiko kwenye historia ya Waswahili: misikiti, majahazi, na wafanyabiashara Waislamu walioitwa Antalaotra, watu wa baharini. Wangazija walikuwa sehemu kubwa ya mji ule hadi Desemba 1976, walipouawa kwa wingi na waliosalimika kurudishwa Komoro. Anayetaka kuifuata habari hiyo apange safari nyingine. Njia hizi mbili haziunganishwi kwa siku kumi.

Siku ya 4. Antsirabe – Ranomafana (karibu kilomita 240, saa 9 hadi 10)

Hii ndiyo siku mbaya. Baada ya Ambositra lami imeliwa, na mashimo huja kwa makundi. Dereva mzuri hushuka hadi mwendo wa baiskeli. Dereva wa haraka hupasua tairi na kupinda rimu, kisha anapoteza saa tatu alizodhani ameokoa. Kagua tairi mbili za akiba, jeki na spana kabla ya kuondoka saa 11 na nusu. Usiku usikukute barabarani: mikokoteni ya ng'ombe haina taa, malori yaliyoharibika huwekewa tawi la mti tu, na polisi wa vizuizi watakuuliza pasipoti utakapokuwa umechoka kabisa.

Ambositra simama kwa vinyago na samani za Wazafimaniry, ambao sanaa yao ya mbao UNESCO iliitambua 2003. Zinaunganishwa bila msumari.

Nje ya dirisha ni nchi ya Wabetsileo: matuta ya mpunga yanayopanda kilima kama ngazi, na nyumba za ghorofa za matofali mekundu. Matofali hayo hukatwa kwenye majaruba yenyewe mavuno yakishatoka, hukaushwa, kisha huchomwa kwa makapi ya mpunga.

Kona ya kuingia Ranomafana iko Alakamisy Ambohimaha. Jina usilipite. Siku za juma za Kimalagasi zilitoka Uarabuni, kama Alhamisi na Ijumaa zetu: Alakamisy ni Alhamisi, Zoma ni Ijumaa, Sabotsy ni Jumamosi. Mji unaobeba jina la siku ulikuwa na gulio siku hiyo, na nyingi bado zinalo. Ukiona kibao cha Talata (Jumanne) au Sabotsy na leo ndiyo siku yake, ongeza nusu saa kwenye hesabu zako.

Siku ya 5. Ranomafana

*Rano mafana*: maji moto. Chemchemi iko kijijini, hifadhi iko juu. Ilianzishwa 1991, miaka mitano baada ya mtafiti Patricia Wright kumtambua hapa lemuri wa dhahabu wa mianzi. Mnyama huyo hula machipukizi ya mwanzi yenye sianidi ya kuua wanyama kadhaa wa ukubwa wake kwa siku moja, na asubuhi ya pili anaanza upya. Namna anavyoivumilia bado ni mjadala wa wataalamu.

Geti saa 1 asubuhi. Kiongozi ni lazima katika hifadhi zote za taifa, na hulipwa kwa kikundi, si kwa kichwa. Wanne wakiungana wanagawana. Njia ni za mwinuko na matope. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, kwa sababu ruba wako kwenye majani, hawangoji majini. Akishika usimvute: telezesha ukucha chini ya mdomo wake mwembamba, kisha ule mwingine. Kidonda kitatoka damu kwa muda, ni kawaida.

Kutembea usiku ndani ya hifadhi kumepigwa marufuku. Viongozi huwapeleka watu kando ya barabara baada ya saa 12 jioni, na hilo latosha. Vinyonga hulala ncha za vijiti na hung'aa weupe kwenye tochi. Karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani ziko kisiwa hiki. Simba, swala na tembo hawapo kabisa. Kisiwa kiliachana na Afrika kabla hawajakuwepo, na mla nyama mkubwa kuliko wote ni fosa, mwenye urefu wa mbwa na umbo la paka.

Siku ya 6. Ranomafana – Fianarantsoa – Ambalavao (kilomita 120 hivi)

Siku fupi. Fianarantsoa ndiko linakoanzia gari moshi la Manakara: kilomita 163, madaraja 67, mahandaki 48, reli iliyojengwa kati ya 1926 na 1936. Usilipangie tarehe. Maporomoko na ubovu wa injini huweza kulisimamisha kwa miezi. Ulizia stesheni, si mtandaoni.

Ambalavao kuna karatasi ya Antaimoro. Waantaimoro wa pwani ya kusini-mashariki waliandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, maandishi yaitwayo *sorabe*. Ni jambo lile lile tulilofanya sisi na Kiswahili. Karatasi yao ni ganda la mti *avoha*. Linachemshwa kwa saa kadhaa, linapondwa kwa nyundo ya mbao hadi liwe uji, linaviringishwa tonge, kisha tonge hutandazwa kwa vidole juu ya kitambaa kilichobanwa kwenye fremu ndani ya beseni la maji. Fremu ikiinuliwa, maji yanachuja na nyuzi zinabaki. Maua mabichi hupangwa juu, uji mwembamba hupakwa kuyashika, fremu huanikwa juani.

Jumatano kuna mnada wa ng'ombe wa nundu juu ya kilima cha mji. Ukifika Jumanne, lala.

Siku ya 7. Anja, kisha Ranohira (karibu kilomita 240, saa 5 hadi 6)

Anja iko kilomita 12 kusini na ni mali ya wanakijiji wenyewe. Kiingilio huenda kwao. Fika saa 1, wakati lemuri wenye mkia wa pete wanaota jua wamekaa kitako, mikono wazi. Ikifika saa 4 uwe garini.

Jaza mafuta kabla ya kuondoka, na tena Ihosy. Kuanzia hapa ni nchi ya Wabara, wafugaji, na uwanda wa Horombe: majani, upepo, vichuguu, kilomita nyingi bila nyumba. Ni nchi pia ya *dahalo*, wezi wa ng'ombe. Zamani kijana aliiba ng'ombe ili aonekane mwanamume wa kuoa. Sasa ni magenge yenye bunduki. Magari ya usiku hupita kwa msafara. Wewe pita mchana, na ulizia polisi Ihosy hali ya siku hiyo.

Siku ya 8. Isalo

Hifadhi tangu 1962, zaidi ya hekta 81,000 za mawe ya mchanga yaliyochongwa na mvua. Tiketi na kiongozi vitafute Ranohira jana yake jioni. Anza saa 12 na nusu, maji lita tatu kwa mtu. Kati ya saa 6 na saa 9 jiwe linarudisha joto usoni na kivuli hakuna. Wengi huanguka njia ya kurudi, maji yakiwa yameishia kwenye bwawa la kuogea.

Makaburi ya Wabara yako kwenye miamba. Maiti huzikwa kwanza chini, na mifupa baadaye hupandishwa juu zaidi. Usinyooshe kidole kuyaelekea: ni *fady*, mwiko. Kunja kidole au tumia ngumi. Kila eneo lina fady zake, na kiongozi huuliza kwa niaba yako. Ukikatazwa kula nguruwe au kuoga mahali fulani, usibishe.

Siku ya 9. Ranohira – Toliara (kilomita 243, saa 4 hadi 5)

Lami hapa ni nzuri, ndiyo maana ajali ni za mwendo kasi. Ilakaka ilikuwa vibanda vichache hadi yakuti samawati ilipopatikana 1998. Wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka wakafuata, kama walivyofika Tunduru. Usinunue jiwe. Glasi nyingi huuzwa, na jiwe halisi bila karatasi litakushikisha uwanja wa ndege. Baada ya Sakaraha angalia makaburi ya Wamahafaly yaliyopakwa rangi: ndege, magari, ng'ombe, kila alichokipenda marehemu.

Siku ya 10. Toliara na Mangily

Mangily ni kilomita 27 kaskazini kwa lami. Nyuma ya mchanga kuna msitu wa miiba na mibuyu minene kama chupa. Aina sita za mibuyu hazipatikani popote isipokuwa kisiwa hiki.

Wavuvi ni Wavezo, na chombo chao *laka* ni binamu wa ngalawa. Tofauti zionekane kwa karibu: ngalawa ina matengo mawili, miti ya pembeni inayozuia chombo kupinduka, laka ina moja upande mmoja. Tanga lake ni la mraba, limeshikwa na miti miwili iliyosimama kwa umbo la V, na kugeuza kunamaanisha kuhamisha miti hiyo, si foromali, mti wa kushikia tanga. Shina huchongwa mti mwepesi wa *farafatsy*, unaobebeka lakini unaonyonya maji, kwa hiyo laka hupandishwa pwani kila siku ikauke. Isipokauka huwa nzito na kuoza mapema.

Toka alfajiri, rudi kabla ya saa 5; alasiri upepo wa kusini hupanda na mawimbi huruka mwambani. Ingia upande wenye tengo, kaa katikati, na upepo ukizidi nahodha atakuambia usogee nje juu ya mti wa tengo. Sogea mara moja.

Kurudi mji mkuu ni ndege ya saa moja na kitu au taxi-brousse ya usiku na mchana. Ratiba za ndege hubadilishwa, wakati mwingine siku ile ile. Acha siku nzima moja kati ya Toliara na ndege yako ya nyumbani, na namba ya dereva wa jana usiifute.